Chupa ya Nusu Lita

Igoma, Mwanza
Jumapili, 18 Mei 2025

Mpendwa Mama Koku,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wewe, Baba Koku na watoto. Sisi huku tunaendelea kwa neema ya Mungu, na shemeji yako anakusalimu sana. Amesisitiza salamu zake ziwekwe juu kabisa, zisije zikasongwa pembeni mwa karatasi kama ilivyokuwa katika barua ya Krismasi.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu jambo ninalotaka kukueleza limenishinda kwenye simu. Mwezi wa pili ulinitumia fedha, na dakika chache baadaye ukanitumia swali. Vyote viwili vilinikuta nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha kusafishia damu, nikimsubiri Baba Asimwe atoke, na tangu siku ile sijakushukuru kwa fedha wala sijakujibu swali. Miezi mitatu ya kimya ni mingi mno kati yetu, nami najua kwamba umenyamaza kwa heshima, si kwa kuwa hukuumia. Niwie radhi, dada yangu. Na kwa Kihaya chetu, kasinge waitu, asante. Fedha zako zililipa kodi ya nyumba ya miezi miwili, na zilizobaki zikanunua viatu vya shule vya Asimwe, ambavyo amevipiga dawa kila jioni tangu siku ile.

Swali lako lilikuwa hili: amani ninayosema ninayo, je, ni ya kweli, au ninajikaza tu mbele za watu? Uliniuliza majuma mawili baada ya kumzika mama yako kule Kamachumu, ukaniambia kwamba wewe mwenyewe ukipiga magoti maneno yanakukwama kooni, na kwamba kila anayekuambia kazi ya Mungu haina makosa anazidi kukusukuma mbali na kanisa. Nimetembea na swali hilo sokoni na hospitalini, na usiku nimelala nalo.

Jibu la kweli, Mama Koku, ni kwamba siku uliyoniuliza nilikuwa ninajikaza. Ndiyo sababu nilishindwa kukujibu. Nilikuwa nimezoea kuwaambia watu wa jumuiya kwamba sisi tuna amani, na sauti yangu ilitoka vizuri, lakini wewe umenijua tangu tukilala kitanda cha juu na cha chini bwenini, na nisingeweza kukuandikia wewe kitu ambacho mkononi sikuwa nacho.

Kujikaza tumefundishwa tangu utotoni. Mtoto wa miaka kumi akifiwa na baba yake anaambiwa ajikaze, na mama aliyetoka kujifungua mtoto asiyepumua anaambiwa hivyohivyo. Siwalaumu wanaosema hivyo, kwa maana kujikaza kuna kazi yake: kunakufikisha makaburini na kukurudisha nyumbani ukiwa umesimama kwa miguu yako. Lakini hakuwezi kumbeba mtu mwaka mzima na nusu. Wengine wanasema wamezoea, na kuzoea nako ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa mtu anaweza kuzoea hata kiatu kinachombana mpaka mguu ukaota sugu, na bado kiatu kile si chake.

Unajua tulikoanzia, lakini niandike ili unielewe. Shinikizo la damu alilokaa nalo Baba Asimwe miaka mingi bila kulijali lilimharibia figo zote mbili, na tangu Novemba 2023 damu yake inasafishwa kwa mashine kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara. Kiwanja chetu cha Kisesa tulikiuza mwezi wa tatu wa mwaka jana. Meza yangu ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, sasa naifungua siku tatu tu kwa juma, na wateja wamejifunza siku zangu kama watu wanavyojifunza siku za gulio. Mambo haya ya fedha sitayaandika zaidi, kwa kuwa hayakuwa magumu kama nilivyodhani yangekuwa.

Yaliyokuwa magumu ni madogo. Fikiria Mhaya kukatazwa ndizi. Figo zikishindwa, potasiamu inabaki mwilini, na ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Na ndizi zetu, hizi tulizolelewa nazo, zina potasiamu nyingi. Mtaalamu wa lishe alinifundisha kuzimenya, kuzikata vipande vyembamba, kuzichemsha, kuyamwaga maji ya kwanza, kisha kuzipika upya katika maji mengine, na hata hapo apewe kidogo tu. Mara ya kwanza nilipoyamwaga maji yale uani nililia, kwa sababu harufu yake ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama yangu, na mimi naimwaga kwenye mchanga.

Halafu kuna maji. Kwa kuwa mkojo wake umekaribia kukoma, kila anachokunywa kinabaki ndani mpaka siku ya mashine, kinamvimbisha miguu na kumbana kifua. Ameruhusiwa nusu lita kwa siku, na humo uji na mchuzi vinahesabiwa. Nilichukua chupa ya maji ya nusu lita, nikachora mistari miwili kwa kalamu ya wino, ikawa na sehemu tatu: asubuhi, mchana na jioni, pamoja na vidonge vyake. Nawe unalijua joto la Mwanza. Ukipanda kule hospitalini unaliona ziwa limetanda mpaka macho yanachoka, na mume wangu anashuka kutoka huko akishika mkononi chupa yenye vidole viwili vya maji.

Kila jioni Baba Asimwe anaiinua ile chupa kwenye mwanga wa taa na kutazama kilichobaki. Anakimimina katika kile kikombe kidogo cha kahawa tulichotoka nacho Bukoba, anavua kofia, anainamisha kichwa na kusema, "Baba, asante kwa maji haya." Hashukuru kwa ugonjwa, sijawahi kumsikia akishukuru kwa ugonjwa hata siku moja. Anashukuru kwa maji yaliyomo ndani ya kikombe, kisha anayanywa kwa kuyaonja, funda baada ya funda, kama mtu aliye kwenye Meza ya Bwana. Kwa miezi mingi nilimtazama akifanya hivyo na moyo wangu ukachemka kwa hasira. Nilimwona kama anamshukuru mtu aliyemnyang'anya shamba zima na kumwachia mche mmoja.

Mwezi wa tatu jumuiya yetu ilianza kusoma Waraka wa Paulo kwa Wafilipi, sura moja kila Alhamisi. Mstari ule wa sura ya nne, ambapo Paulo anasema amejifunza kuwa radhi na hali yo yote aliyo nayo, tuliukariri tangu Kipaimara, na labda kwa sababu hiyo hatukuwahi kuusoma. Mwinjilisti wetu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alitusimamisha hapo kwa jioni nzima. Alitueleza kwamba neno la Kigiriki alilotumia Paulo lilikuwa neno la Wastoiko, wale wanafilosofia aliojadiliana nao kule Athene katika Matendo sura ya 17. Kwao lilimaanisha mtu anayejitosheleza, asiyehitaji kitu kwa yeyote, ambaye dunia ikianguka yeye hatikisiki. Paulo analichukua neno lao, na mistari miwili mbele analigeuza, anaposema kwamba nguvu zake zinatoka kwa yeye amtiaye nguvu. Kwa hiyo utoshelevu wake unatoka kwa mwingine.

Nilirudi nyumbani nikaisoma barua yote kwa sauti, kama barua iliyoandikwa na mtu ninayemfahamu. Paulo yuko kifungoni. Anawaandikia watu wa mji uleule ambako yeye na Sila walichapwa bakora, wakafungwa miguu kwa mkatale, na usiku wa manane wakawa wanaimba, wafungwa wenzao wakiwasikiliza. Inawezekana mlinzi wa gereza lile, aliyewaosha mapigo yao usiku ule, alikuwa amekaa kanisani barua ilipokuwa ikisomwa. Nikagundua jambo ambalo kwa miaka yote sikuliona: mstari ule wa kuwa radhi umo ndani ya barua ya kushukuru kwa msaada! Wafilipi walimtuma Epafrodito ampelekee mahitaji yake, naye akaugua njiani au huko alikokwenda, karibu kufa. Paulo anasema amejifunza kuwa radhi, halafu mara moja anaendelea kuwaambia kwamba walifanya vema kushiriki naye dhiki yake.

Hapo ndipo aibu ilinishika, kwa sababu nilikumbuka fedha zako. Kumbe mimi nilikuwa nimetafuta radhi ya Wastoiko. Nilitaka kufika mahali ambapo sihitaji mtu, ambapo hakuna atakayeniona nimenyoosha mkono, na mahali hapo nilipaita imani. Wewe unajua nyumba yetu ilivyokuwa. Mama yangu aligawa chumvi kwa kijiji kizima, na mimi nilijiona mtoto wa watu wanaotoa. Fedha zako zilipoingia nilihisi kama umeniona bila nguo. Sikunyamaza kwa sababu ya shughuli, Mama Koku, ingawa ndivyo nilivyomwambia wifi yako. Nilinyamaza kwa sababu kusema asante kungekuwa kukiri kwamba nilihitaji.

Tangu hapo nimekuwa nikilitazama neno lenyewe, radhi. Kiswahili kimelipa kazi nyingi: kuna radhi ya mzazi tunayoiomba kabla ya safari au ndoa, kuna radhi tunayoiomba tukikosa, na kuna kuwa radhi na jambo. Hakuna anayejipa mwenyewe radhi ya mzazi. Lazima uende upige magoti na mkono uwekwe kichwani pako. Nafikiri hii ya tatu ni vilevile. Nilikuwa nikijaribu kuitengeneza mwenyewe kifuani, kumbe inapokelewa, na anayepokea lazima awe na mikono mitupu.

Lakini nisikudanganye kwamba mwanga ulishuka Alhamisi ile na mambo yakaisha. Paulo anasema amejifunza, na mwanafunzi hukosea. Usiku mmoja mwezi wa nne, umeme ulikuwa umekatika, na Baba Asimwe akamimina maji yake kwa mwanga wa simu. Alipoinua kikombe akaanza kulia, kilio cha mwanaume mzima, mabega yakimtikisika mpaka nikahofu atayamwaga. Nilitaka kumwambia ajikaze. Sijui nini kilinizuia. Nilikaa karibu yake tu. Baada ya muda akafuta uso kwa kofia, akasema maneno yaleyale, "Baba, asante kwa maji haya," akanywa. Ndipo nilipoelewa kwamba miezi yote ile sikuwa nimemsikia vizuri. Machozi na shukrani vilitoka katika kinywa kimoja, wala kimoja hakikuwa uongo wa kukificha kingine.

Kuna mtu mmoja aliyetutembelea mwaka jana, sitamtaja, aliyemwambia Baba Asimwe kwamba ugonjwa wake ni dalili ya imani haba, kwamba aache mashine, apake mafuta aliyokuja nayo ya kuuza na akiri kwamba amepona. Nimejaribu kumsamehe na bado ninaendelea kujaribu. Mgonjwa wa figo anayeacha mashine hachukui muda mrefu, na mtu yule alikuwa tayari kumtoa uhai mume wangu kwa jina la Yesu. Ninakuandikia hili kwa sababu najua na wewe uliambiwa kwamba Mama angepona kama mngefunga siku zaidi. Si kweli. Paulo hakumwambia Epafrodito kwamba aliugua kwa kukosa imani. Anasema Mungu alimhurumia, na kwamba kama angekufa yeye Paulo angepata huzuni juu ya huzuni. Aliyejifunza kuwa radhi ndiye anayesema angehuzunika hivyo.

Jumatano hii itatimia miaka 29 tangu meli ya MV Bukoba izame, 21 Mei 1996. Nyumba tuliyopanga haiko mbali na makaburi ya Igoma walikozikwa wengi wa waliokufa, na kila mwaka siku hiyo ninamkumbuka matroni wetu. Unakumbuka jioni ile? Redio ilikuwa imewekwa juu ya dirisha la ofisi, wasichana wamejaa uani, kila mmoja akisubiri kusikia kuhusu mtu wake, na ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba yeye alikuwa na ndugu wawili ndani ya meli. Sote tulidhani hatakuja kwenye sala ya jioni. Alikuja. Kiongozi wa kwaya alipotaka kuanzisha wimbo, yeye akainua mkono akasema, "Leo hatuimbi, leo tunauliza," akafungua Zaburi ya 13 na kuisoma kwa sauti iliyokuwa ikikatikakatika, ile inayouliza hata lini, Bwana, hata lini, mara nne. Kisha akafunga Biblia na kwenda jikoni kukanda unga wa maandazi ya asubuhi, kwa sababu wasichana mia tatu wangeamka na njaa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilidhani nimemwona mwanamke anayejikaza. Leo naamini niliona jambo jingine. Anayejikaza haulizi, anaogopa kwamba akiuliza atabomoka. Matroni aliuliza mbele ya watu wote, tena alimuuliza Mungu mwenyewe, na baada ya kuuliza mikono yake ikaweza kukanda. Ile Zaburi hata yenyewe haijibiwi. Inauliza mara nne, kisha inageuka na kuanza kuzitumainia fadhili za Mungu, bila kutuambia kilichotokea katikati. Mimi naona katikati pale ndipo tunapoishi sisi, Mama Koku, mimi na wewe, na nafasi yake ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, nitakujibu hivi. Ziko siku ambazo ninajikaza. Ijumaa iliyopita shinikizo lake lilishuka ghafla akiwa kwenye mashine, wauguzi wakakimbia, wakamshusha kichwa na kuinua miguu, na mimi sikuwa na amani yoyote. Nilikuwa na hofu, na mdomo wangu ulikauka. Usiku nilifanya kama ninavyofanya kila usiku. Mkono wake wa kushoto una mishipa miwili iliyounganishwa kwa ajili ya mashine, na ukiweka kidole hapo unausikia mtetemo, laini, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Wametuambia tuuangalie kila siku, kwa kuwa ukinyamaza mshipa umeziba. Niliweka kidole, nikausikia, nikasema kwa mara ya kwanza maneno ya mume wangu kwa kinywa changu: Baba, asante kwa mtetemo huu. Sikuomba ya kesho. Nililala mpaka jogoo. Hicho ndicho nilicho nacho, na nakuambia kwa moyo wangu wote kwamba hicho ni cha kweli.

Sasa nina ombi moja, na nakusihi usinikatalie. Niruhusu nikupigie kila Alhamisi saa tatu usiku, nikitoka jumuiyani. Nitakusomea zaburi moja, na si lazima useme neno lolote, wala kuitikia amina. Kama maneno yanakukwama kooni, acha yakwame. Nitasoma mimi kwa ajili yako mpaka yatakapofunguka yenyewe, na hata yasipofunguka mwaka huu nitaendelea kupiga.

Nieleze kuhusu wewe. Unalala? Unakula, au unawapikia wengine na kusema umeshiba? Umerudi Kamachumu tangu mazishi, na nani anaangalia kibanja cha Mama? Kitenge chake cha bluu, kile alichokuja nacho kwenye kuzaliwa kwa Asimwe, amepewa nani? Koku amepangiwa shule gani, na je, bado anaimba? Baba Koku amekubali kwenda kupima shinikizo lake? Mwambie nimemwomba mimi, aende juma hili hili, kwa sababu kipimo ni cha dakika tano na mimi najua kinachofuata ukikiahirisha. Je, utaweza kuja mwezi wa saba? Ukipitia Bukoba, panda meli ya usiku, na asubuhi nitakuwa bandarini, hata ikiwa siku ya mashine, kwa kuwa Asimwe sasa anaweza kumsindikiza baba yake. Je, umenisamehe kimya changu?

Naishia hapa. Ndizi zimechemka maji ya kwanza na inabidi nikayamwage kabla hazijalainika sana.

Ni mimi rafiki yako akupendaye,
Mama Asimwe